Maji ya buluu na mekundu ya Beppu: yanatazamwa, hayaogwi

Swali: "Mume wangu yuko Osaka kwa mafunzo ya kazi, na mimi na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 11, tunamfuata mwezi Desemba. Nimeona picha za maziwa ya maji moto huko Japani, moja la buluu kama jiwe la feruzi na jingine jekundu kama damu, yote yanafuka moshi. Rangi zile ni za kweli au ni ufundi wa kompyuta? Watu wanaoga mle? Sisi ni Waislamu na mimi ninajistiri. Na je, tunaweza kwenda na kurudi Osaka siku hiyo hiyo? – Msomaji, Tanga."

Dada yangu wa Tanga, nianze na majibu mafupi, maana najua tiketi hazingoji. Rangi ni za kweli. Kuoga mle hakuna, labda mtu awe amechoka na ngozi yake. Na safari ya kwenda na kurudi Osaka siku moja sikushauri hata kidogo. Laleni Beppu usiku mmoja, na kama mfuko unaruhusu, mbili.

Sasa marefu.

Mahali ulipopaona panaitwa Beppu, mji wa pwani katika mkoa wa Oita, upande wa mashariki wa kisiwa cha Kyushu. Hakuna mji mwingine Japani wenye vyanzo vingi vya maji moto kama huo: ni zaidi ya 2,000. Ukiwa mtaani Kannawa, kitongoji cha mlimani ambako jehanamu nyingi zipo, unaona mvuke ukipanda nyuma ya duka la mkate, kando ya gereji, katikati ya kamba za nguo za mtu. Sehemu kubwa ya mvuke huo unatoka kwenye visima vilivyochimbwa na watu, si nyufa za asili, na kwa sababu kila mwenye nyumba angependa kisima chake, mkoa umetenga maeneo ambako kuchimba kipya ni marufuku. Harufu yake wewe huna haja ya kuelezwa. Mtu aliyekulia Tanga akafika kwenye maji ya kiberiti ya Galanos pale Amboni anaijua: yai lililokaa siku nyingi.

Nimesema jehanamu, na ndivyo Wajapani wenyewe wanavyoyaita maziwa yale: Jigoku. Usiogope wala usidhani kuna ibada unayoingizwa. Zamani ardhi ile ilikuwa inachemka, inatapika tope na mvuke, hailimiki wala haijengeki, na watu waliokuwa na mafundisho ya Kibuddha kuhusu moto wa akhera wakaipa jina walilokuwa nalo. Mapema karne ya 20 wenye ardhi wakagundua kwamba kuna wageni walio tayari kulipa senti chache ili kuchungulia, na tangu hapo jehanamu ikawa riziki. Aliyeifanya ijulikane nchi nzima ni mfanyabiashara mmoja, Aburaya Kumahachi, aliyezaliwa 1863. Mwaka 1928 alianzisha mabasi ya kuzungusha watalii, yenye wasichana waongozaji, jambo ambalo Japani ilikuwa haijaliona. Wasichana wale walisimulia kila kituo kwa beti za mizani saba na tano, na mabasi ya kutembeza watalii bado yanashikilia desturi hiyo. Nyinyi watu wa Tanga mnaojua thamani ya mizani mtaifurahia hata bila kuelewa neno. Sanamu ya mzee huyo iko nje ya stesheni ya Beppu, mikono juu kama mtoto anayeruka, na kijizimwi kidogo kimening'inia kwenye joho lake. Watoto watataka picha hapo. Wapeni dakika tano.

Jehanamu zinazozungukwa kwa tiketi ya pamoja ni saba. Tano ziko Kannawa, za kutembelea kwa miguu: Umi (bahari), Oniishi Bozu (tope linalochemka kwa mapovu ya mviringo yanayofanana na vichwa vya watawa walionyolewa), Kamado (jiko), Oniyama (mlima wa zimwi) na Shiraike (dimbwi jeupe). Mbili, yaani Chinoike, dimbwi la damu, na Tatsumaki, kimbunga, ziko kitongoji kingine, kilomita mbili na nusu au tatu hivi kutoka hapo, na basi la mjini linaunganisha.

Ile ya buluu uliyoiona ni Umi Jigoku. Joto lake ni nyuzi 98 za Selisiasi. Ile nyekundu ni Chinoike, na hiyo ndiyo "ya baridi" kati ya hizi: nyuzi 78. Oniishi Bozu ni 99, Shiraike 95. Nakuandikia tarakimu hizi ili swali lako la kuoga lijijibu lenyewe. Pale Umi Jigoku kuna mti wa mwanzi uliotokeza juu ya maji, na mwishoni mwake kikapu kimening'inizwa hadi ndani. Ukikaza macho katikati ya mvuke unaona kilichomo: mayai. Wanayachemsha mle mle, kisha wanayauza dukani. Maji yanayoivisha yai hayakaribishi mtu.

Kuhusu rangi nitakaa kidogo, kwa sababu kazi yangu ni jotoardhi na hapa ndipo ninapopata raha.

Maji ya Beppu ni maji ya mvua. Yananyesha juu ya milima iliyo nyuma ya mji, mkubwa ukiwa Tsurumi wenye mita 1,375, volkano ambayo mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ni wa mwaka 867. Yanazama chini miaka mingi, yanafika kwenye miamba yenye joto la nyuzi mia mbili na zaidi, na huko chini shinikizo haliyaachii yachemke. Maji moto kiasi hicho ni mwizi hodari: yanakwangua madini kwenye kila jiwe yanalopitia. Yakirudi juu kwa njia tofauti yanabeba mizigo tofauti, na ndiyo maana ndani ya mtaa mmoja unakuta dimbwi la buluu, la maziwa na la kijivu.

Buluu ya Umi ina hadithi mbili. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kwamba inatokana na salfeti ya chuma iliyoyeyuka majini, na bado utasikia hivyo. Watafiti wa maji moto waliopima maji ya Beppu kwa makini wamefika kwingine: ni silika, madini yale yale yanayofanya mchanga na kioo. Maji yanapotoka chini yamebeba silika nyingi iliyoyeyuka. Yanapopoa inashindwa kubaki imeyeyuka, inajikusanya kuwa chembe ndogo mno, hazionekani hata kwa darubini ya kawaida. Mwanga wa jua ukizipiga, sehemu ya buluu ndiyo inayotawanyika zaidi, na ndiyo inayorudi machoni kwako. Anga ni la buluu kwa sababu hiyo hiyo. Chota maji yale kwenye glasi, hutaona buluu yoyote ya maana. Rangi inahitaji kina na inahitaji jua.

Ukishaelewa hilo, Shiraike inaacha kuwa dimbwi jeupe la kupita haraka. Maji yake yanatoka ardhini yakiwa angavu. Yanapofika juu, joto na shinikizo vinashuka, chembe zinakua na kuongezeka, na zikishakuwa kubwa zinatawanya rangi zote kwa pamoja, si buluu peke yake. Matokeo ni weupe wenye kivuli cha buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyumba ile ya Kamado nayo ina dimbwi ambalo siku nyingine ni la feruzi na siku nyingine limefifia, na wenyeji hawashangai.

Nyekundu ni habari ya chuma. Chini ya Chinoike kuna udongo wa mfinyanzi wenye oksidi ya chuma, yaani kutu, na maji yanayochemka yanaupandisha juu bila kuchoka. Si rangi ya maji tena, ni rangi ya tope laini linaloelea. Dimbwi hili ni la kale kuliko yote katika kumbukumbu: maandishi ya karne ya 8 yanayoeleza nchi ya Bungo, jina la zamani la eneo hilo, yanataja chemchemi nyekundu ambayo tope lake watu walipakia nguzo za nyumba. Leo tope hilo hilo linafanywa dawa ya kupaka ya ngozi na kuuzwa dukani kwenye lango la kutokea. Sitakuahidi itaponya nini. Ila kama zawadi ya kumpelekea mama mkwe, ina hadithi nzuri.

Nikiri jambo moja kuhusu picha zile. Nyingi zimekolezwa. Chinoike kwa macho ni nyekundu ya matofali, ya udongo wa Lushoto baada ya mvua, si ya damu mbichi. Na Umi ni buluu laini zaidi kuliko ile ya simu. Kuna na suala la Desemba: baridi ikiwa nyuzi kumi au chini, mvuke unakuwa mnene sana, unajaza bustani nzima, na unaficha yale yale maji uliyoyafuata. Unasimama, unangoja upepo, dirisha linafunguka kwa sekunde kadhaa, unaona rangi, linafunga. Mimi naona hivyo ndivyo panavyopendeza, lakini anayetaka picha ya kadi ya posta aje siku ya joto yenye jua la saa sita mchana. Nyinyi mnaokuja Desemba, pangeni Umi Jigoku kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Saa kumi na moja jioni milango inafungwa na giza linaingia.

Je, mwone zote saba? Tiketi ya pamoja ni yen elfu mbili na ushee kwa mtu mzima, watoto nusu hivi. Ya jehanamu moja ni kama yen 500. Kwa hesabu hiyo ukishapanga kuona tano, ya pamoja ndiyo nafuu, na inatumika siku mbili. Mpangilio wangu kwa familia yenye mtoto wa miaka sita ungekuwa hivi: Umi kwanza, kisha Kamado, kisha basi hadi Chinoike na Tatsumaki. Nne zinatosha. Oniishi Bozu iko jirani kabisa na Umi, mkiwa na nguvu mpite, lile tope linalofutuka na kupasuka kwa sauti ya "pwu" linawachekesha watoto kuliko rangi zote.

Oniyama siisifii. Tangu 1923 wanafuga mamba pale, wakitumia joto la maji kuwaweka hai wakati wa baridi, na leo wako wengi. Kwa Mjapani aliyekuja kutoka Sapporo hilo ni ajabu. Kwa mtu atokaye nchi yenye Rufiji, kulipa yen ili kuona mamba wamerundikana kwenye vizimba vya saruji, tena wamelala, sioni mantiki yake. Shiraike nayo ina majengo ya samaki wa kitropiki yaliyochakaa. Ukienda, nenda kwa ajili ya lile dimbwi.

Kamado ndiyo ninayoitetea, ingawa wapenda utulivu wanailalamikia kwa kelele zake. Ina madimbwi kadhaa madogo yenye namba, na wahudumu wanaofanya kazi kama wachekeshaji wa sokoni. Angalia wanachokifanya. Mhudumu anawasha kijiti cha uvumba au sigara, anainama juu ya tundu linalotoa mvuke kidogo tu, anapuliza moshi mara moja. Ghafla mvuke unafumka, unakuwa wingu zima, na dimbwi la upande wa pili nalo linaanza kufuka. Watu wanapiga makofi kama wameona kiini macho. Hakuna uchawi: mvuke wa maji ulikuwepo tayari hewani, hauonekani, na ulikuwa unatafuta kitu cha kushikia ili ugeuke matone. Chembe za moshi ndizo hicho kitu. Mweleze yule wa miaka 11 kabla hamjaingia, halafu mwache amkisie mdogo wake kitakachotokea. Hapo Kamado pia kuna maji moto ya kunywa kwenye vikombe, yana chumvi chumvi na ladha ya chuma, na kibao kinaahidi kukupunguzia miaka.

Tatsumaki ni ya saa. Ni chemchemi inayoruka juu yenyewe kila baada ya dakika 30 hadi 40, na kuruka kunadumu dakika 6 hadi 10 hivi. Wameijengea kuta za mawe na dari ya jiwe juu yake, kwa sababu ikiachwa wazi ingerusha maji ya kuunguza juu ya wageni. Hivyo usitegemee mnara mrefu angani. Utaona maji yakigonga dari na kumwagika. Ukifika ulizia langoni lini itaruka. Kama imeruka sasa hivi, nendeni mwone Chinoike kwanza, ziko karibu sana, kisha mrudi.

Usalama, kwa kuwa mna mtoto mdogo: kuna uzio kila mahali, lakini uzio unashika anayeheshimu uzio. Vidimbwi vidogo na mitaro pembeni mwa njia navyo vina maji ya kuunguza, hata visipofuka. Shika mkono wa yule wa sita. Kama kuna mwenye pumu, msisimame muda mrefu juu ya matundu ya mvuke. Na vua pete na bangili za fedha uache hotelini, maana gesi ya kiberiti inaigeuza fedha kuwa nyeusi. Dhahabu yako ya harusi haina neno.

Sasa kuoga, na hapa nakujibu kama Mwislamu mwenzio.

Ndani ya jehanamu kadhaa, pamoja na Umi, Kamado na Chinoike, kuna mabirika ya kuoshea miguu yaliyo wazi kwa mwenye tiketi. Unakunja suruali, unakaa kwenye ubao, unatumbukiza miguu. Kwa wengi hii inatosha. Bebeni taulo ndogo. Zinauzwa pale lakini kwa nini ununue.

Kuoga mwili mzima kunafanyika kwenye nyumba za kuogea, na desturi ya Japani ni uchi kabisa, wanaume kwao, wanawake kwao, bila nguo ya kuogelea. Najua wengi wetu hilo haliwezekani, hata mbele ya wanawake wenzetu, na si lazima ulijaribu ili useme umefika. Kuna njia tatu. Ya kwanza na iliyo bora ni chumba cha kuogea cha familia, Wajapani wanakiita kazokuyu: unakodi kwa saa moja, unafunga mlango, mume, mke na watoto mnaoga wenyewe na hakuna anayewaona. Kannawa vipo vingi. Nyumba ya Hyotan, iliyoanza 1922, inavyo, na hoteli nyingi za kijadi pia. Ya pili ni mchanga wa moto. Unavaa kanzu ya pamba wanayokupa, unalala, wahudumu wanakufukia kwa koleo hadi shingoni, unabaki hapo dakika kumi au kumi na tano ukitokwa jasho. Nyumba maarufu ya kale, Takegawara, ilianza 1879 na jengo lake la sasa ni la 1938. Hyotan nayo ina mchanga. Mwili umefunikwa muda wote, ila vyumba vya kubadilishia nguo na kusuuza mchanga vinaweza kuwa vya pamoja, kwa hiyo uliza kwanza. Ya tatu ni hoteli kubwa ya Suginoi, juu mlimani, ambayo ina eneo la maji moto la kuingia na mavazi ya kuogelea, familia nzima pamoja. Kama unavaa burkini, waandikie barua pepe kabla, wakupe jibu la maandishi.

Mkiingia kwenye maji, hata ya chumba chenu wenyewe, mnaosha mwili kwa sabuni nje ya birika kwanza, mnasuuza povu lote, ndipo mnaingia. Nywele zifungwe juu, taulo isiguse maji. Maji yakizidi ukali, msivumilie kwa haya: kuna bomba la baridi. Watoto dakika tano tano, wanywe maji katikati. Mwenye mimba au shinikizo la damu aulize daktari wake kabla ya safari, si mhudumu wa bafu.

Swala haitakusumbua. Beppu ina msikiti, jambo ambalo miji mingi ya ukubwa wake Japani haina. Sababu ni Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific kilichofunguliwa 2000 juu ya kilima, ambacho karibu nusu ya wanafunzi wake ni wa kutoka nje ya Japani. Kwa hiyo msichana mwenye mtandio ndani ya basi la Beppu si kioja.

Chakula ndicho ninachokionea raha zaidi kukueleza, kwa sababu jehanamu inawapikia. Kannawa kuna sehemu ya umma inaitwa Jigoku Mushi Kobo, karakana ya kupikia kwa mvuke. Unanunua viungo vyako hapo au unaleta kutoka dukani, unakodi tanuri la mvuke kwa dakika chache, wanakupa glavu nene na kikapu. Unakishusha ndani ya tundu la jiwe, unaweka kifuniko cha mbao, mvuke wa ardhini wa nyuzi mia hivi unaingia. Viazi vitamu, mahindi, boga, mayai, kaa, kamba, kabichi. Kila kimoja kina dakika zake, viazi vikichukua muda mrefu kuliko vingine, na mvuke wenyewe unaacha chumvi kidogo, kwa hiyo hamhitaji kuongeza mengi. Kwa mtu anayekwepa nyama ya nguruwe na pombe ya kupikia, hakuna mlo salama zaidi nchini humo: umechagua mwenyewe, umeona kila kilichoingia. Epukeni mikate ya mvuke yenye kujazwa nyama bila kuuliza, mara nyingi ni nguruwe, na michuzi ya chupa huwa na mvinyo wa mchele. Nendeni kabla ya saa tano asubuhi. Saa sita foleni inakuwa ndefu. Krimu ya mayai na maziwa iliyopikwa kwa mvuke, wanaita purin, inauzwa karibu kila kona, na ile inayotoka kitongoji cha Myoban ndiyo yenye jina. Mkipanda hadi huko Myoban mtaona pia vibanda vya nyasi vilivyojengwa juu ya ardhi inayofuka, ambamo chumvi za madini za kuogea zinakua polepole juu ya udongo, kama milimita moja kwa siku. Fundi akikuruhusu kuchungulia mlangoni, utaona sakafu imeota unyoya mweupe wa fuwele.

Kuhusu usafiri: kutoka Osaka kwa treni ni shinkansen, ile treni ya kasi sana, hadi Kokura, kisha treni ya haraka ya Sonic hadi Beppu, jumla kama saa nne kwa upande mmoja. Mara mbili ni nane. Na watoto. Ndiyo maana nilikataa mwanzoni. Badala yake pandeni feri. Kampuni ya Sunflower ina meli kati ya Osaka na Beppu kila usiku: inaondoka jioni, inafika asubuhi mapema, mwendo wa saa kumi na mbili hivi. Mnakodi chumba cha familia, mnalala, nauli ya usiku inafuta gharama ya hoteli, na inapita Bahari ya Ndani ya Seto, ambayo imezungukwa na visiwa na kwa kawaida ni shwari. Muda mfupi baada ya kuondoka inapita chini ya daraja la Akashi Kaikyo, lenye mita 1,991 kati ya minara yake miwili. Hapo msiwalaze watoto mapema. Meli ina bafu kubwa la pamoja, mnaweza kuliruka.

Kutoka stesheni ya Beppu, basi la Kamenoi hadi Umi Jigoku ni kama dakika 20, tokeni upande wa magharibi wa stesheni. Chukueni sarafu za yen 100 za kutosha, kwa makabati na mabafu madogo. Mizigo iacheni stesheni au hotelini.

Hivyo siku zenu ni hizi: feri usiku wa kwanza, asubuhi mnafika, mnapanda Kannawa, mnapika chakula cha mchana, mnaona Umi na Kamado jua likiwa juu, jioni chumba cha familia cha kuoga, mnalala Kannawa penye mvuke badala ya mjini. Kesho yake basi hadi Chinoike na Tatsumaki, kisha Myoban kama miguu bado ipo, na feri ya jioni kurudi Osaka. Mume wako akiweza kupata ruhusa ya Ijumaa, mtaondoka Alhamisi baada ya kazi na kurudi bandarini Osaka Jumapili asubuhi mapema, naye anabaki na Jumapili yake. Chumba cha feri kiwekeni mapema, kwa sababu wiki ya mwisho ya Desemba Wajapani wote wanarudi kwao kwa mwaka mpya na meli zinajaa.